Kofia ya Kunyweshea Kuku

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kule Caerphilly, kusini mwa Wales, alikuwa na makovu ya bluu mgongoni. Hayakuwa makubwa. Ungedhani ni chale za mganga asiye na mpangilio: moja begani, mawili karibu na uti wa mgongo, na jingine refu chini ya mbavu. Nilimwogesha wiki tatu nzima kabla sijayauliza. Kazi ya kuhudumia wazee majumbani huko Uingereza ni kazi ya kukimbizana na saa: nusu saa umwogeshe, umvishe, umpe dawa, uandike kwenye daftari, utoke mbio kuwahi basi la kwenda kwa mwingine. Mazungumzo hayamo kwenye ratiba.

Siku nilipouliza alicheka. Akasema makaa yakikukata, vumbi lake hubaki chini ya ngozi kidonda kinapofunga, na halitoki tena mpaka unazikwa nalo. Nikabaki nimeshika taulo. Baba yangu alikuwa na alama kama hiyo juu ya jicho la kushoto, nyeusi kuliko ngozi yake, na sisi watoto wake sita tulikua tukiamini kwamba ni chale ya kinga aliyochanjwa utotoni. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Baba yangu naye alichimba makaa," nikamwambia.

Mzee akageuka, maji yakamwagika hadi mlangoni. Mpaka dakika ile nilikuwa mikono tu inayomsugua mgongo. Sasa nikawa mtoto wa mtu. Akanimiminia maswali. Mgodi gani? Walishuka kwa lifti au waliingia kwa miguu kwenye mteremko? Tabaka la makaa lilikuwa na unene gani? Dari waliliegemeza kwa magogo au kwa chuma? Taa ya baba yako ilikuwa namba ngapi?

Nilijua jibu la swali la kwanza tu. Kiwira.

Kiwira ni mgodi wa chini ya ardhi, kusini-magharibi mwa Tanzania, kwenye milima ya Kyela na Ileje. Ulijengwa kwa msaada wa Wachina, ukaanza kazi mwaka 1988, na makaa yake yalikwenda kwenye kiwanda cha saruji Mbeya na cha karatasi Mufindi. Mengine yaliwashwa hapo hapo mgodini kuzalisha umeme. Hayo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Niliyoyajua kwa macho yangu yalikuwa machache na ya kitoto. Baba alirudi nyumbani na vumbi limemganda kwenye kope kama wanja, na wanawake wa mtaani wakamtania mama kwamba mumewe anajiremba kuliko yeye. Sabuni yake ilikuwa ya peke yake, ole wako uiguse. Na ndizi za kuchoma alizobeba asubuhi hazikuisha zote. Nusu zilirudi jioni, nasi tukazigombania ingawa jikoni zilikuwepo nyingine za moto. Zile zilikuwa zimetoka shimoni.

Hilo la ndizi lilimfanya mzee apige mkono kwenye ukingo wa beseni. Kwao, akasema, ilikuwa mkate na jibini. Wachimbaji walibeba chakula kwenye kopo la bati lenye umbo la silesi ya mkate, ili panya wasikifikie, na watoto walimvizia baba mlangoni waone kama kopo lina kitu. Na yeye aliwahi kuwa mtoto wa mlangoni kabla ya kuwa baba mwenye kopo.

Alifanya kazi mgodi wa Windsor, kijiji cha Abertridwr, uliofungwa mwaka 1986. Nilipokuwa namfunga vifungo vya shati, akaniomba nimpe sanduku la miwani. Hamkuwa na miwani humo. Mlikuwa na kisahani cha shaba, kikubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi mia mbili, kimetobolewa tundu juu na kugongwa namba. Katika mgodi wake, kila mtu alikuwa na kisahani chake. Kabla ya kushuka unapita chumba cha taa, unakabidhi kisahani, unapewa taa ya namba ile ile, na kisahani kinatundikwa ubaoni. Ukipanda, unarudisha taa na kuchukua kisahani, unakwenda zako. Kwa hiyo mtu akiutazama ule ubao zamu inapokwisha, kila msumari wenye kisahani ni mtu ambaye bado yuko chini.

"Hiki hakijawahi kulala ubaoni hata siku moja," akasema.

Alitaka nikipeleke Senghenydd, juu ya bonde, kwenye makumbusho. Watoto wake wako mbali, na siku ya kusafisha nyumba mtu atakiona, atadhani ni takataka. Nikaahidi kukipeleka siku yangu ya mapumziko. Sikumwambia jinsi alivyonigusa, maana mimi ndiye niliyesafisha chumba cha baba.

*

Basi kutoka Caerphilly linapanda Bonde la Aber, linapita Abertridwr, na barabara inaishia Senghenydd. Zamani reli nayo ilifika huko. Ilifungwa mwaka 1964. Nyumba ni za mawe, zimeunganishwa mistari mistari kama mabweni ya shule. Jina la kijiji Waingereza wengi linawashinda, lakini sisi hatuna shida nalo: ni ng' ya ng'ombe ikifuatwa na h, na mwishoni ni dh ya dhahabu. Nilipolitamka sawasawa mlangoni, mama aliyenipokea alinitazama kama mtu aliyerudi nyumbani.

Makumbusho yenyewe ni madogo. Yamo ndani ya jengo la jumuiya na yanaendeshwa na watu wa kujitolea, wengi wao wenye mvi. Usitegemee milango ya vioo. Ni taa za usalama, picha, nyundo, makopo ya chakula, karatasi za mishahara, na juu ya yote, chai. Hukai dakika tano bila kupewa chai. Mzee mmoja wa pale aliniuliza kama namjua Paul Robeson. Nilishazoea kuulizwa Uingereza kama namjua Mwafrika fulani anayeishi Birmingham, nikajiandaa kukasirika, kumbe swali lilikuwa na mizizi. Robeson, mwimbaji mweusi wa Marekani, aliigiza kwenye filamu ya mwaka 1940, *The Proud Valley*, kama baharia anayepata kazi mgodini Wales. Baadaye serikali yake ilipomnyang'anya pasipoti, wachimbaji wa Wales hawakukubali: mwaka 1957 walimsikiliza akiwaimbia kwa simu kutoka New York, wao wakiwa wamejaa ukumbini Porthcawl, nao wakamwimbia. Yule mzee aliisimulia habari hiyo kana kwamba alikuwa ukumbini siku ile. Huenda alikuwepo.

Lakini watu hawapandi basi hadi mwisho wa barabara kwa ajili ya Robeson. Wanakwenda kwa sababu ya mgodi wa Universal.

Mgodi huo ulianza kuchimbwa mwaka 1891, ukatoa makaa ya kwanza 1896. Tarehe 24 Mei 1901 ulilipuka alfajiri, wakafa watu 81. Aliyetolewa hai ni mmoja tu, mtunza farasi. Ungetarajia somo limeeleweka. Sheria ya migodi ya mwaka 1911 ilidai kila mgodi uweze kugeuza mkondo wa hewa ukihitajika, yaani feni inayovuta iweze kusukuma, ili moto na moshi visiwafuate watu walikokwama. Muda wa kutekeleza ulipita, ukaongezwa, ukapita tena. Asubuhi ya 14 Oktoba 1913, saa mbili na dakika kumi, watu wapatao 950 wakiwa chini, gesi ililipuka. Gesi hulipuka mara moja ikaisha, ila mshindo wake hutimua vumbi la makaa lililolala njiani, na vumbi likiwa hewani ni baruti. Moto ukakimbia kwa vumbi lile, ukapita upande wote wa magharibi.

Upande wa mashariki walitolewa salama. Wa magharibi, 18 waliokolewa usiku ule. Jumla waliokufa ni 440, mmoja wao mwokoaji. Hakuna ajali ya mgodi iliyoua watu wengi kiasi hicho Uingereza, kabla yake wala baada yake. Wanawake 205 wakawa wajane na watoto 542 wakakosa baba. Mwanamke mmoja alipoteza mume, wana wawili, kaka na mpangaji wake. Wachunguzi walihisi cheche ilitoka kwenye kengele za umeme za kupeana ishara, hawakuweza kuthibitisha. Meneja akashtakiwa, akatozwa faini ya pauni 24. Gazeti moja la mabondeni likafanya hesabu ya kugawanya na kuichapa: shilingi moja na peni moja na robo kwa kila roho.

Hesabu hiyo imebandikwa kichwani mwangu kuliko zote. Imefanywa kwa hasira, na ile robo imezidi kidogo, lakini haiko mbali na ukweli.

Kuna picha pia. Mpiga picha wa Glasgow aitwaye W. Benton alifika kijijini maiti zikiwa bado zinapandishwa, na picha zake zikauzwa kama postikadi. Ukiambiwa hivyo unamwona mtu mbaya, mchuuzi wa misiba, ndugu wa hawa wa kwetu wanaokimbilia ajali ya lori wameshika simu. Kisha unasimama mbele ya ile ya msichana anayesubiri habari juu ya mgodi, shali imemzunguka yeye na mtoto mchanga aliyempakata, na unaiona kanga. Wanawake wa Wales walibeba watoto kwa shali kama mama alivyotubeba. Bila yule mchuuzi, sura ya binti huyo isingefika kwangu. Sijaweza kuamua nimsamehe au nimshukuru, na sidhani natakiwa kuamua.

Nje iko bustani ya kumbukumbu iliyozinduliwa 14 Oktoba 2013, miaka mia kamili, kwa ajili ya wachimbaji wote wa Wales. Pana sanamu ya shaba ya mwokoaji akimsaidia mwenzake aliyenusurika, lakini nilikaa zaidi kwenye ukuta wa vigae. Kila marehemu ana kigae chake. Ukienda mwendo wa mtalii unaona ukuta. Ukisoma, unaanza kukutana na majina ya ukoo yanayojirudia, unahesabu miaka, unafika kwa watoto wa miaka 14, ambao walikuwa wanane. Nilisoma kwa sauti, sijui kwa nini. Kwetu msibani jina la marehemu hutajwa na ukoo wake, na nadhani mdomo ulijifanyia tu kazi yake.

*

Nilikuwa bado sijakabidhi kisahani. Nilidhani nitakiweka mezani na kuaga. Yule mama wa mapokezi akatoa karatasi, akavaa miwani, akaanza: kisahani hiki ni cha nani? Alizaliwa mtaa gani? Alianza kazi na umri gani, na nani alimpeleka siku ya kwanza? Zamu gani? Mwenzake wa kazi alikuwa nani? Alikiweka wapi nyumbani? Nusu ya majibu sikuwa nayo. Akanirudishia kisahani pamoja na karatasi, kwa upole kabisa, akaniambia visahani wanavyo vingi. Wanachokosa ni haya ya kwenye karatasi. Bila haya, akasema, ni shaba ya kupimwa kwa kilo.

Shaba ya kupimwa kwa kilo. Hakujua anamwambia nani.

Baba alipofariki, baada ya kuanua matanga, kaka zangu walinipa kazi ya kusafisha chumba chake. Sanduku la chuma lilikuwa na taa ya kichwani na betri yake nzito iliyokufa, mkanda mpana wa kuning'inizia betri hiyo, gambuti zenye ncha za chuma, na madaftari mawili yaliyoandikwa tarehe na tarakimu kwa penseli. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa anapita na mkokoteni. Betri, taa na sanduku alivipima; pesa yake nikanunulia sukari ya chai ya wageni waliokuwa bado hawajaondoka. Madaftari nikawashia moto wa kuni. Kofia ngumu, kwa kuwa ilikuwa plastiki na mnunuzi hakuitaka, nikampa jirani, akaigeuza chini juu kuwa chombo cha kunyweshea kuku. Tulicheka wote. Nilijiona mtu wa utaratibu.

Najitetea kidogo. Hakuna aliyetufundisha kwamba vitu vile ni vya kutunzwa. Makumbusho niliyopelekwa na shule yalikuwa na mafuvu ya Olduvai, minyororo ya watumwa, viti vya machifu. Mtu wa kawaida aliyekwenda kazini na kurudi, sikumwona humo. Babu mzaa baba alikwenda Afrika Kusini na Wenela, shirika la kuajiri wachimbaji, kuchimba dhahabu, kama Wanyakyusa wengi wa rika lake, akarudi na blanketi, baiskeli na kikohozi. Vizazi viwili vya ukoo wetu vilikwenda chini ya ardhi, na ushahidi wote niliokuwa nao ni ladha ya ndizi baridi.

Wala sitaki kuwapamba watu wa Wales. Mwaka 1913, mwaka ule ule wa mlipuko, kusini mwa Wales kulikuwa na wachimbaji zaidi ya 230,000, na bandari ya Barry peke yake ilisafirisha tani zaidi ya milioni 11. Mgodi wa mwisho mkubwa wa chini ya ardhi, Tower, ambao wachimbaji wenyewe waliununua kwa kuchanga pauni 8,000 kila mmoja kutoka viinua mgongo vyao, ulifungwa Januari 2008. Makumbusho mengi yameota pale kazi ilipokufa. Vijana wa Senghenydd wanashuka na basi asubuhi kwenda kutafuta maisha Caerphilly na Cardiff, na wanaobaki kupika chai makumbusho ni wazee. Nilimuuliza yule mama nani atashika funguo baada yao. Akasema swali hilo liko kwenye ajenda ya kila mkutano, huwa la mwisho, na mkutano huwa umechoka.

Kwetu kazi haijafa. Malori ya makaa yanashuka kutoka Ngaka, Ruvuma, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, meli zilipakia makaa bandari ya Mtwara kwenda Ulaya. Nilipomwambia mzee wangu habari hiyo, makaa ya Afrika kupelekwa Ulaya, alicheka mpaka nikamshikia mashine ya hewa. Kisha akauliza kama pale Ngaka kuna mtu anayeandika majina.

Tulijaza ile karatasi kwa Jumanne tano. Nusu saa haikutosha, kwa hiyo nilipanda basi la kabla, nikafika mapema, nikaandika kwanza na kumwogesha baadaye. Alianza kazi na miaka 15. Siku ya kwanza alipelekwa na mjomba wake, si baba, kwa sababu baba yake alikuwa hataki kumwona akishuka. Mwenzake wa kazi, *butty* kwa maneno ya mabondeni, walikaa pamoja miaka kumi na moja na hawakuwahi kukanyaga nyumba ya mwenzake. Waliyajua mambo yote ya kila mmoja gizani, inatosha. Nyumbani kisahani kilikaa kwanza kwenye msumari jikoni, kwa amri ya mkewe, ili kila jioni akikiona pale aache kusikiliza mlango. Alipofariki mke, ndipo kilipohamia kwenye sanduku la miwani. Hilo la msumari nililiandika mara mbili maana mara ya kwanza wino ulichafuka.

Nilipokipeleka mara ya pili kilipokelewa.

Jioni ile nilimpigia simu mdogo wangu anayeishi bado pale nyumbani. Nilimwomba mambo mawili. La kwanza, awatafute waliofanya kazi na baba waliobaki hai, awaulize, arekodi kwa simu, hata kama ni utani tu. Mmoja amepatikana. Ana miaka sabini na kitu, na cha kwanza alichokisema ni kwamba baba alikuwa mwoga wa panya. Namba ya taa haikumbuki, ila anaikumbuka ya kwake. La pili, aende kwa jirani, aangalie kama ile kofia ipo.

Ipo. Imepauka, ina ufa pembeni, lakini kwa ndani, mdogo wangu anasema, kuna tarakimu zilizochorwa kwa kitu chenye ncha na haziwezi kusomeka kwa sababu ya uchafu. Nikamwambia ainunue leo leo. Jirani amekataa, na si kwa bei. Haishiki tena maji, imetobolewa siku nyingi. Kuku ameatamia humo, ana mayai tisa, leo ni siku ya sita. Tumekubaliana tusubiri aangue.